Malkia wa Morphy

Jioni hii nimepanga kete na kuupitia mchezo wa sataranji (chesi) wa Mmarekani Paul Morphy wa mwaka 1858, ule wa jumba la opera kule Paris. Nilikuwa nausikia tu.

Hatua ya 16 imenisimamisha.

Malkia mweupe wa Morphy anakwenda b8 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), anajitoa aliwe! Farasi mweusi hana budi kumla. Ngome nyeupe inapanda hadi d8, tembo mweupe akiilinda kutoka g5. Mfalme mweusi kafa.

Nimekaa naangalia upande wa weusi: tembo wa f8 na ngome ya h8 hawajasogea hata mara moja. Wapo, lakini wamelala! Kanuni ya kuzitoa kete mapema kwenye nafasi zake za mwanzo sasa naiona kwa macho.

Jamani, ni mchezo gani wa zamani uliowafungua macho? Niandikieni hatua zake, kesho niupange.