Kabla ya kuandika kwamba mgonjwa amekataa dawa

Katika mafaili ya kliniki ya afya ya akili kuna maneno ambayo huandikwa upesi mno: mgonjwa amekataa dawa. Nimefanya kazi ya uuguzi huku Kisumu kwa muda wa kutosha kuona jinsi maneno hayo yanavyomfuata mtu, hata kila anayefungua faili lake humhesabu kuwa mkaidi kabla hajamsikiliza. Ninaamini kwa dhati kwamba wengi wao hawakukataa dawa hata kidogo. Walikimbia jambo ambalo dawa iliwatendea, na ambalo hakuna mtu aliyewatangulia kuwaeleza.

Chukua mfano wa haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti na mawazo yasiyo ya kweli yanayomsumbua mgonjwa. Katika siku za kwanza, hasa kwa vijana wa kiume, dawa hii inaweza kukaza misuli ghafla, shingo ikapinda upande mmoja, taya likakakamaa, macho yakageuka juu na kukwama huko. Mama anayemwona mwanawe katika hali hiyo usiku, kule Nyakach au Muhoroni, hana sababu yoyote ya kudhani kwamba ni vidonge. Familia moja itasema ni juogi, yaani pepo kwa Kijaluo, nyingine itakimbilia maombi, na zote zitakubaliana kwamba dawa ya hospitali isimezwe tena. Ilhali mkazo huo una tiba: mgonjwa akidungwa sindano ifaayo, misuli hulegea upesi, mara nyingi kabla ya saa moja kupita, na vidonge vya benzeksoli husaidia kuzuia usirudi. Jamaa aliyeambiwa mapema huja hospitalini usiku uleule, na asiyeambiwa hatumwoni tena mpaka mgonjwa aletwe amefungwa kamba.

Sindano ya flufenazini, ile ya kila mwezi, inahitaji maelezo zaidi kuliko vidonge, kwa sababu imetengenezwa katika mafuta ili itoke polepole kutoka kwenye msuli kwa wiki kadhaa. Aliyeanza kutetemeka au kukakamaa baada ya kidonge anaweza kupumzishwa kidonge hicho kesho yake, lakini iliyokwisha kuingia msulini haitolewi. Kwa hiyo mazungumzo lazima yatangulie sindano.

Kuna mambo mengine yanayotegemea kazi na makazi ya mtu. Klopromazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil, hufanya ngozi iungue juani kwa urahisi na hudhoofisha uwezo wa mwili kujipoza. Mvuvi wa Dunga au mkulima wa mpunga wa Ahero, anayeshinda juani kutwa nzima, ni lazima aambiwe habari ya kofia, mikono mirefu na maji ya kunywa. Vivyo hivyo anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka kupita kiasi, anapaswa kujua kwamba akitapika au kuharisha, jambo ambalo si geni kando ya ziwa, dawa inaweza kujaa damuni hadi kumdhuru, naye aje apimwe bila kungoja tarehe ya kliniki.

Hata hivyo, jambo linaloniumiza zaidi ni njaa. Olanzapini hutuliza sauti na hofu vizuri kwa wagonjwa wengi, lakini pia huongeza hamu ya chakula kwa kiwango ambacho aliyeshiba kila siku hawezi kukielewa. Katika nyumba ya Nyalenda au Manyatta ambako sufuria moja hugawiwa watu saba, mgonjwa anayeamka usiku kutafuta ugali uliobaki huonekana mchoyo, kisha mwizi. Ndugu humfungia chakula, naye hukasirika, na hasira hiyo hutafsiriwa kuwa ugonjwa umerudi. Nimesikia akina mama wakisema, «Sista, unga wa wiki umekwisha kwa siku tatu,» kwa aibu, kana kwamba wanamsaliti mtoto wao kwa kusema. Hiyo si habari ya kando ya matibabu. Pasipo kuizungumza, pasipo kupima uzito na sukari, na pasipo kumwuliza daktari kama kuna dawa nyingine inayofaa, nyumba yenyewe ndiyo itakayomwachisha dawa.

Yapo pia yale ambayo watu hawayasemi mbele ya foleni. Dawa kadhaa kati ya hizi hupunguza nguvu za kiume, na huweza kusimamisha hedhi au kutoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha, ambaye mumewe huanza kumshuku. Wanaotibiwa kifafa katika kliniki yetu kwa karbamazepini wanastahili kujua kwamba dawa hiyo hudhoofisha kinga ya kipandikizi cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi. Hakuna atakayeyauliza hayo muuguzi akiwa ameinamia rejesta, na mlango uko wazi.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inatambua kwamba mgonjwa anapaswa kuelezwa matibabu yake na kuyaridhia. Kliniki hazikosi watu wa kueleza kwa sababu ya dharau. Hukosa muda, kwa kuwa muuguzi yuleyule huandikisha, hupima, hudunga na kutoa vidonge, huku benchi likiwa limejaa tangu alfajiri. Nyakati ambapo dawa moja imekwisha na nyingine imewekwa badala yake, yenye rangi na ukubwa tofauti, mgonjwa hupewa bahasha tu. Mtu ambaye maradhi yake humfanya ahofu kulishwa sumu hapaswi kupewa kidonge kigeni bila neno.

Ninachoomba kwa wanaopanga zamu ni kwamba siku ya kliniki muuguzi mmoja aondolewe kwenye rejesta na sindano, akae faraghani na kila aliyeanzishiwa au kubadilishiwa dawa, pamoja na jamaa yake iwapo mgonjwa anaridhia. Asiulize tu kama dawa inamezwa, bali aulize kuhusu shingo, usingizi, chakula na chumba cha kulala. Mgonjwa huyo aonekane tena baada ya wiki moja badala ya mwezi, na asipokuwa na nauli apigiwe simu, kwa kuwa nambari imo tayari ndani ya faili.