Kati ya mlio na mlio

Jumapili, usiku

Mikono nimeisugua kwa sabuni na bado inanuka kiberiti. Maganda ya risasi yamelowekwa kwenye maji ya moto, na mtutu ndiyo kwanza umeanza kutoa vitambaa visafi. Wenzangu wa bunduki za kisasa nadhani walishalala zamani. Naandika sasa hivi kwa sababu leo tumepiga shabaha za umbali wa yadi 1,000 kwa baruti nyeusi mchana kutwa, na jambo nililokuwa nikilihisi tu limenikaa vizuri kichwani: ugumu wa mchezo huu hauko pale kidole kinapovuta kifyatuo. Uko kati ya mlio mmoja na mlio unaofuata.

Baruti nyeusi ni shura (ile chumvi ya baruti), makaa na kiberiti, yaani salfa. Katika kila sehemu 100, shura ni 75, makaa 15, kiberiti 10. Baruti isiyo na moshi huungua karibu yote ikawa gesi. Hii yetu, zaidi ya nusu ya uzito wake huishia kuwa vitu vigumu. Sehemu hutoka na ule moshi mweupe ambao watazamaji wanaupenda sana, na sehemu hubaki imejipaka ndani ya mtutu. Kwa hiyo ukishafyatua mara moja tu, bunduki uliyoishika si ile uliyoanza nayo asubuhi. Risasi ya pili inapita njia nyingine, na ya tatu nyingine tena. Halafu unategemea zote ziangukie mahali pamoja, karibu kilomita nzima mbele yako!

Masizi haya hupenda maji. Hewa ikiwa na unyevu yanabaki laini, na risasi inayofuata inayafagia bila taabu. Jua likiwaka na mtutu ukipata moto, yanakauka na kushika chuma kama ukoko wa chungu kilichosahauliwa jikoni. Dalili ya kwanza huioni kwenye mtutu, unaiona kwenye darubini: risasi zinaanza kutawanyika juu na chini wakati upepo haujabadilika hata kidogo. Anayeanza hukimbilia kurekebisha kilengeo. Kilengeo hakina kosa.

Wapo wapulizaji na wapo wapangusaji, na kuwapatanisha ni kazi kuliko kupiga shabaha yenyewe. Mpulizaji hufungua bunduki, akahakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, akaingiza kijibomba kwa nyuma na kupumua polepole mara kadhaa, ili unyevu wa pumzi yake ulainishe masizi. Mpangusaji hupitisha kitambaa chenye unyevu kutoka nyuma hadi mbele, pengine na kikavu baada yake, na kila risasi huanza na mtutu uliokaribia kuwa safi. Mimi ni mpangusaji. Kwenye joto sina imani na pumzi. Mdomo wenyewe unakuwa umekauka, hiyo pumzi itanyevusha nini? Ila nakubali kwamba kupangusa kuna mtego wake. Kitambaa kikilowa kupita kiasi, maji hubaki kwenye chemba na kuharibu mwanzo wa safari ya risasi. Kwa vyovyote vile, kinachotafutwa ni kile kile: ufanane na wewe mwenyewe. Ukipumua mara tano, iwe tano daima. Ukikamua kitambaa kwa vidole viwili, iwe hivyo hivyo mpaka jioni.

Risasi yenyewe nayo ina mambo yake. Ni ya madini ya risasi yaliyochanganywa na bati kidogo, labda sehemu moja kwa ishirini au thelathini, laini kiasi cha kuvimba mlipuko unapoisukuma kitakoni ili ijaze mifereji ya mtutu. Laini mno, pua yake hujikunja. Ngumu mno, haivimbi na gesi hupenya pembeni. Mwilini ina vijifereji vilivyojazwa nta na mafuta, ambavyo kazi yake ni kuyaweka masizi katika hali ya ulaini. Kuna alama moja ninayoitazama kila baada ya raundi kadhaa: nyota ya mafuta, michirizi ya mafuta inayotapakaa kuzunguka mdomo wa mtutu. Ikionekana, mafuta yamefika hadi mwisho wa safari. Mdomo ukiwa mkavu, sehemu ya mbele ya mtutu imeshaanza kukauka, na hapo hakuna kubishana, ni kupangusa.

Sasa angalia safari yenyewe. Risasi ya gramu 32 hivi hutoka kwa mwendo wa takriban mita 400 kwa sekunde, na mapema sana njiani inashuka chini ya mwendo wa sauti. Kufika yadi 1,000 inatumia zaidi ya sekunde tatu. Unafyatua, moshi unakufunika, unapata nafasi ya kuinua kichwa na kujiuliza maswali, na bado haijafika. Kilengeo cha nyuma kimeinuliwa zaidi ya digrii mbili, kwa sababu risasi inapanda na kushuka kama jiwe lililotupwa, na katikati ya njia iko zaidi ya mita 10 juu ya mstari wa macho yako. Huko juu hakuna bendera. Bendera zinakuambia habari za upepo wa chini, darubini inakuonyesha mazigazi yanavyoelea upande mmoja au mwingine, na upepo wa juu unabaki kuukisia. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao mtu anayetembea angeuita wa kupendeza, unaisogeza risasi hii zaidi ya mita tatu.

Pimamaji ndogo iliyo kwenye kilengeo cha mbele wengi huichukulia kuwa pambo. Kwa mwinuko mkubwa namna hii, bunduki ikilala upande kwa digrii moja tu, risasi inakwenda kando zaidi ya nusu mita. Basi.

Humo ndimo linamotokea lile ninalotaka kulisema. Upepo unakuambia subiri: bendera zitarudi zilivyokuwa ulipopiga vizuri, tulia. Masizi yanakuambia piga sasa: kila dakika inayopita mtutu unakauka. Hawa wawili hawasikilizani hata siku moja. Kwa bunduki ya kisasa subira haina gharama kubwa, unalala tu na kungoja. Kwa baruti nyeusi unangoja upepo ule ule, na ukirudi, mtutu si ule ule tena.

Nikifikiria hili humkumbuka J. K. Milner, mpiga shabaha wa Ireland. Septemba 1874, pale kwenye uwanja wa shabaha wa Creedmoor, Long Island, Marekani, timu ya Ireland ilishindana na Wamarekani kwa yadi 800, 900 na 1,000, wapigaji sita kila upande. Waairishi walikuwa na bunduki za Rigby za kushindilia kupitia mdomoni, ndugu za gobori lakini za daraja nyingine kabisa. Wamarekani walikuwa na Remington na Sharps za kujaza kwa nyuma. Wamarekani walishinda kwa pointi 934 kwa 931. Milner alikuwa amepiga katikati kabisa ya shabaha, ila shabaha ya jirani. Akaandikiwa sifuri. Kitovu siku zile kilikuwa na pointi nne, kwa hiyo hesabu ifanye mwenyewe. Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi sicheki. Fikiria kazi iliyokuwa ikimngoja kila baada ya mlio: kumimina baruti, kushindilia, kutazama bendera, kugusa kilengeo, kisha kulala tena na kutafuta shabaha yake katika safu ya shabaha zinazofanana. Alilenga bila dosari. Kilichopotea kilipotea kabla hajalenga.

Mshauri wangu wa leo alikuwa mzee mmoja aliyekaa kwenye darubini yangu, mpulizaji wa kutupwa, na hatukukubaliana karibu kwa lolote. Alichokuwa nacho ni saa. Kila nilipongoja upepo, alihesabu kwa sauti ya chini, na ikizidi muda fulani alisema tu, "Pangusa tena, mwanangu." Nilichukia mwanzoni, kwa sababu nikishapangusa bendera inakuwa imeshaondoka. Lakini risasi zilizofuata mpanguso wa pili zilikaa karibu karibu, juu na chini, na kusogea kwao kulikuwa kwa pembeni tu, ambako ni deni la upepo na la macho yangu.

Mashindano yajayo sibadilishi baruti wala kalibu ya kumiminia risasi. Nabeba saa na vitambaa zaidi, na nikingoja mno naanza upya hata kama bendera inanikonyeza.