Siku moja maishani mwangu: fundi wa Alfa Romeo na Fiat za zamani, Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mfuko hupangwa usiku, asubuhi ni kuubeba tu. Ndani mna spana za namba 8 hadi 19, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ndogo), taa ya kupimia taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, sumaku ya kuokotea nati, kopo la dawa ya kusafishia kabureta na kipande cha hosi cha mita moja. Kuna pia spana moja ya 13 iliyokatwa ikawa fupi, kisha ikapindwa kwa moto. Ukiiona chini utadhani ni takataka. Bila hiyo, leo hakuna kazi.

Matatu ya Umoja hadi mjini, nyingine hadi Parklands.

Saa moja kasoro, Fiat 500. Injini yake iko nyuma, silinda mbili, hupozwa kwa hewa, kwa hiyo habari ya radieta haipo. Nafasi ya valvu ni milimita 0.15, za kuingiza na za kutoa sawasawa, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Ndiyo sababu ya kufika mapema hivi: mwenyewe akishaiwasha kwenda kununua maziwa, itabidi kusubiri ipoe. Valvu nne, dakika arobaini, chai, kwaheri.

Saa tatu, Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Hapa utapata bolti, klipu, karatasi ya gasketi ya kukata kwa mkono, hata kondensa ya distribyuta. Raba za kushikia kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, usinunue. Wapo wanaozichonga kutoka kwa tairi kuukuu, na kwa macho zinapendeza. Lakini raba ya tairi haikutengenezwa kukaa na petroli: inavimba, inalainika, na baada ya miezi michache unarudi palepale. Raba halisi huagizwa kutoka ng'ambo, na hizi za leo zilichukua wiki sita kufika, nyingi kati ya hizo zikiwa zimelala kwenye ghala moja hapa hapa mjini zikisubiri muhuri.

Saa nne, Lavington. Alfa Romeo Giulia Super ya 1969, cc 1570, kamshafti mbili juu, kabureta mbili za Weber, aina ya 40 DCOE. Vijana wakiiona barabarani husema ni Lada. Mzee anaitaka ikae sawa kabla ya Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, na kabla sijaweka mfuko chini ameshanipa majibu.

"Fundi, shida ni kabureta. Kaza tu kabureta."

"Sawa Mzee. Wacha kwanza nisikilize."

"Mpwa wangu alijaribu kuzikaza Jumapili."

Hapo ndipo siku ilipoharibika. Ukiisikia hiyo, ujue una magari mawili ya kutengeneza: lenye ugonjwa wake, na lililoharibiwa na bisibisi ya Jumapili. Skrubu za mchanganyiko za DCOE zina ncha kama sindano. Ukizikaza kwa nguvu hadi mwisho, ncha inachimba kitako chake na hapo hata mtengenezaji mwenyewe hawezi kuituliza. Nilizitoa zote nne na kuziangalia kwa kioo. Bahati yake, zilikuwa nzima.

Injini ikiwaka ilitetemeka, na kabureta ya nyuma ilikuwa inatema mafuta kupitia mdomo wake. Hata hivyo kabureta huguswa mwisho. Kwanza plagi: silinda ya 1 na ya 2 zilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, ya 3 na ya 4 nyeupe kama chaki. Nyeupe maana yake hewa imezidi mafuta. Kisha pointi, vile vibamba vya ndani ya distribyuta vinavyofunguka kuleta cheche: nafasi yake milimita 0.4. Kisha waya za plagi zikafuatwa kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa sababu mpwa huenda aligusa na huko. Kisha taimingi. Muda wote huo Mzee amesimama nyuma yangu, simu kwenye spika, mpwa akisema afadhali tuagize kabureta mpya.

Magari haya hayakufungiwa kabureta moja kwa moja kwenye manifoldi, yale mabomba yanayoingia kwenye silinda. Katikati kuna raba iliyogandishwa kati ya bamba mbili za chuma, ili mtetemo wa injini usifanye mafuta yatoke povu. Raba ikizeeka hupasuka, kwa kawaida upande wa chini usioonekana, na injini inanyonya hewa pale. Kuthibitisha ni rahisi: injini ikinguruma, puliza dawa ya kabureta kidogo kidogo kuzunguka raba. Ekzosi ya injini hii iko upande wa pili, lakini weka kizima moto karibu hata hivyo. Nilipopuliza chini ya kabureta ya nyuma, mngurumo ukabadilika papo hapo. Mpwa akanyamaza. Kwa dakika moja.

Kuitoa ndiyo adhabu. Sanduku la hewa, fimbo za eksileta, bomba la petroli, kebo ya choki, halafu nati za kabureta ambazo za chini unazishika kwa hisia tu. Spana inazunguka moja ya sita ya duara, unaitoa, unairudisha. Nati moja ilidondoka, sumaku ikahangaika nayo robo saa. Matundu ya manifoldi yanazibwa kwa vitambaa, na vitambaa vinahesabiwa: vikiingia vinne vitoke vinne.

Raba ilikuwa imechanika nusu nzima. Ila kuchanika hivyo hakukuwa uzee pekee. Chini ya kabureta hizi hukaa mkono wa chuma unaozishikilia kutoka kwa injini, maana raba peke yake haiwezi kubeba uzito huo. Mkono haukuwepo. Mtu aliutoa zamani akaona hauna kazi, na ukifunga raba mpya bila huo umetupa pesa ya Mzee. Basi boda boda hadi Kawangware kwa mchomeleaji, na kipande cha chuma bapa cha milimita 3. Nilimpimia, akakata, akashika kifaa cha kuchomelea, stima zikapotea. Tulikaa kwenye mikebe ya rangi karibu saa mbili. Mzee alipiga simu mara nne kuuliza kama nimeenda nyumbani.

Stima zilirudi saa tisa hivi, labda kumi. Mvua ilikuwa imeanza.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, isipokuwa mikono imechoka. Baadaye ndipo hosi inapopata kazi: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo wa hewa. Fimbo inayounganisha kabureta mbili inalegezwa kwanza, kila moja inarekebishwa peke yake hadi mivumo ifanane, ndipo zinaunganishwa. Skrubu za mchanganyiko za kabureta za zamani, zenye nyuzi nene, zinaanzia robo tatu ya mzunguko hadi mmoja, kisha unasogeza kidogo kidogo hadi injini itulie.

Na kuna suala la Nairobi yenyewe. Huku juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kuliko ya Milano kulikotengenezwa gari, hivyo jeti za huko, vile vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta, humwaga mafuta kupita kiasi. Jeti kuu za 125, maana yake tundu la milimita 1.25, nilizibadilisha kwa 120. Ni dakika tano: unafungua nati ya masikio juu ya kifuniko na zote zinaonekana. Zile 125 nilimwekea Mzee kwenye kopo ndani ya dashibodi. Akiteremka Mombasa azirudishe, la sivyo plagi zote nne zitakuwa chaki.

Giza likiingia tulizunguka Gitanga Road. Gia ya pili ilikwaruza mara moja, kama Alfa nyingi za umri huu oili ya giaboksi ikiwa baridi. Unaiingiza polepole, huipigi. Injini ikavuta vizuri, bila kukohoa.

"Kwa hiyo ni raba mbili tu?" Mzee akauliza, M-Pesa ikiwa tayari mkononi. "Kwa raba mbili, fundi, bei hiyo?"

Nikampa ile iliyochanika aishike. Aliikunja, ikafunguka kama mdomo. Akapunguza mia tano tu kwenye bei, badala ya elfu mbili alizokuwa amepanga kupunguza.

Nati za raba zikazwe tena baada ya kilomita 200 hivi, raba mpya hujibana. Nimemwandikia kwenye karatasi, na chini yake, kwa herufi kubwa: MPWA ASIGUSE.