Siku moja ya dalali wa spea: kutafuta fenda ya Premio

Saa 11 na nusu alfajiri niko kituoni Gongo la Mboto. Saa 1 nashuka Ilala, na kabla ya saa 2 nimeshapita maduka yote ninayofanya nayo kazi mtaa wa Shaurimoyo kuona kilichoshushwa jana. Mimi ni dalali wa spea za bodi: fenda (bati la juu ya tairi la mbele), boneti, milango na mabampa yaliyokatwa kwenye magari ya Japani. Watu wakisikia Shaurimoyo wanawaza taa zilizong'olewa usiku kwenye gari la mtu. Wezi wapo, sikatai. Lakini ninachouza mimi kina risiti ya duka, na mtaani hapa nina miaka 9.

Hadi saa 4 nilikuwa nimeshatoa bampa la IST na kioo cha pembeni cha Noah. Ndipo simu ikaita.

"Kijana, nataka fenda ya mbele kushoto, Premio ya 2007, silva. Niko gereji Tabata, gari nalitaka leo."

Nikamwomba anipigie picha kile kibati chenye namba ya chesisi ndani ya boneti. Akawaka. "Chesisi ya nini? Unataka kuniibia gari?"

Nikamweleza taratibu. Mzee wangu, Premio ilibadilishwa umbo katikati ya 2007. Gari la mwaka huo laweza kuwa toleo la 240 au la 260, na fenda ya moja haikai kwenye nyingine hata uipige nyundo. Akasema fundi wake kamwambia Premio ni Premio. Nikauliza: hiyo kushoto ni ukiwa umekaa kwenye usukani, au umesimama mbele ya gari? Akakata simu.

Baada ya dakika 20 akatuma picha ya mbonyeo peke yake. Nikaomba tena. Kibati kilipokuja kilisomeka NZT260, rangi 1F7. Na fenda yenyewe ni ya upande wa dereva, yaani kulia. Ningebeba alichotamka mwanzo, angenitangaza tapeli gereji nzima.

Duka la kwanza wakanipa ya Allion, muuzaji anaapa kwamba ni ileile. Si ileile, pale kwenye kona ya taa mkato wake ni mwingine. Duka la pili ilikuwa 260 kweli, inang'aa, lakini nilipopitisha sumaku juu ya tairi haikushika. Puti nene, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati. Fundi angeipokea, rangi ingepigwa, na baada ya miezi michache ingepasuka. Nikairudisha.

Nikaingia stoo ya nyuma na kijana wa duka, tukapangua lundo la boneti moja moja chini ya mabati, jua la saa 7, sijala. Chini kabisa kulikuwa na fenda niliyokuwa naitafuta: maandishi ya Kijapani kwa peni nyeupe bado yapo, kingo zimenyooka, matundu ya bolti hayajapanuliwa, silva yake 1F7. Bei 120,000, changu 15,000 juu.

Mzee akaanzia 60,000. Picha moja, picha nyingine, "mbona ina mkwaruzo?" Mkwaruzo wenyewe haufiki urefu wa kidole, na hii ni spea ya mtumba. Mkono ukafa ganzi kwa kushikilia simu. Wenye duka wananiangalia, wateja wengine wanaondoka, naye anauliza kama haiwezekani nimpe leo alipe mwisho wa mwezi. Haiwezekani, mzee wangu. Hela ya duka si yangu.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi tulipoondoka na bodaboda, fenda nimeifunga boksi na kamba, nimeiegemeza pajani. Foleni ya Buguruni haisogei. Kwenye tuta boksi likachanika, ukingo ukanikata kiganja. Sikuiachia, maana ikidondoka ni deni langu.

Fundi alichukua spana namba 10, akafunga bolti za juu, ya karibu na bawaba ya mlango, na ya chini. Zote zikaingia bila kulazimishwa. Akashusha boneti. Uwazi kati yake na fenda ulikuwa sawasawa, kuanzia kwenye taa mpaka kwenye kioo. Mzee akaupitisha kidole, akarudia. Kisha akahesabu 135,000, akanirudishia risiti.

"Niandikie na namba yako hapo nyuma, mwanangu."

Nilifika nyumbani saa 3 usiku. Mke wangu aliniosha kile kidonda kwa maji ya chumvi, akanitoa chembe ya rangi ya fedha iliyokuwa imeganda ndani.