Mlango wa pili wa duka la kona

Desemba ya mwaka 2000 Krismasi na Idi zilifuatana, zilipishana siku mbili tatu tu, na aliyekua anafanya biashara Kariakoo kipindi kile anajua ninachosema. Mtaa wa Kongo ulikua hauoni ardhi, unaona vichwa tu. Mama alikua anauza nguo za watoto za sikukuu kwenye baraza la nyumba moja ya zamani, na kwa vile shule zilikua zimefungwa mimi ndo nilikua msaidizi wake, kukunja nguo, kushika fedha ndogondogo, kutumwa.

Nilikua nimemaliza darasa la tano, na nyumbani nilishapewa jina tayari, mzembe. Sweta nimepoteza, daftari la hisabati nimeliacha sijui wapi, natumwa chumvi nafika dukani siku nyingine, siku nyingine naibukia mtaa wa nyuma kabisa na hela mkononi sijui nimefikaje. Kulia na kushoto mpaka leo lazima kwanza nikumbuke mkono ninaolia chakula. Nilipigwa sana kwa haya mambo, na siwalaumu wazazi wangu kwa sababu wote waliokua wanatuzunguka waliamini mtoto wa hivyo hajatulia tu, akibanwa atanyooka.

Siku hiyo mchana mifuko ya rambo ikaisha. Mama akaninyooshea kidole, "Lile duka la kona lile, chukua bando moja urudi mbio, wateja wanasubiri." Duka nililiona kwa macho. Nikaenda, nikapanga foleni ndani, nikanunua, nikatoka.

Sasa lile duka lilikua la kona kweli, lina milango miwili, mmoja unaangalia mtaa huu na mwingine mtaa ule. Niliingilia mmoja nikatokea mwingine, na sikujua. Kwa mtu wa kawaida hii si kitu, anatoka anashangaa kidogo anazunguka. Mimi kichwani hakukua na kitu cha kuzungusha. Nikatembea kuelekea upande ambao meza ya mama ilitakiwa iwepo, haipo, nikaendelea, nikakata kona, nikakata nyingine. Watu hupenda kusema Kariakoo huwezi kupotea maana mitaa imenyooka na inakatana vizuri, lakini kwangu kunyooka huko ndo kulikua kubaya zaidi, kila njia panda ilikua sawasawa na ile niliyotoka. Nikatokea Msimbazi, makonda wanaita abiria, magari yanapiga honi, nikarudi ndani ya mitaa kwa woga tu si kwa kujua, mpaka miguu ikakataa nikakaa kwenye baraza moja nimekumbatia mifuko yangu.

Pembeni yangu kulikua na mzee fundi cherehani, kofia ya mkono, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Kazi zake za Idi zimejaa mpaka chini. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika marahaba huku anashona, kisha akaniuliza namsubiri nani. Nikaanza kulia.

"Umetokea wapi?"

"Sijui."

"Upande huu au huu?"

"Sijui babu."

Nilisubiri anikasirikie kama wengine. Yeye akasimamisha cherehani, akavua miwani. "Haya, upande tuuache. Kabla hujakaa hapa, ulipita kitu gani?"

Hilo nilikua nalijua! Nilimwambia nimepita mama anauza magimbi na ndizi mbichi za kufuturisha, kakaa juu ya ndoo ya rangi. Akauliza, na kabla yake? Nguzo ya umeme imefungwa kamba nyekundu. Na kabla? Mkokoteni wa tende umefunikwa nailoni, halafu harufu ya viatu vipya, halafu ukuta wa kijani umebanduka chokaa. Nilivitaja vyote bila kukwama, vinakuja kwa mfuatano, na mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, na mwaka ule sikua nimekutana na mtu mzima aliyenisikiliza hivyo.

Akamwachia kijana wake kazi, akainuka. Hakunishika mkono. Akaniambia, "Tangulia wewe, mjukuu wangu, mimi nakuja nyuma. Tafuta mama wa magimbi kwanza." Tukaenda hivyo, kitu mpaka kitu. Nikisimama ananiuliza tu, sasa kinafuata nini? Tulipofika kwenye lile duka nikataka kupita nje, akanizuia, akachungulia ndani, akaona mlango wa pili. "Uliingilia huku," akasema. Tukapita katikati ya watu, tukatoka upande wa pili, na meza ya mama ile pale.

Mama alikua kajifunga kanga kiunoni, kalia mpaka macho yamevimba, na kandambili kashaivua ameishika mkononi. Yule mzee akasimama mbele yangu. "Dada, usimpige huyu. Njia yote kaniongoza yeye, mimi nimetembea nyuma. Mtoto huyu anaona sana, ila ramani haikai kichwani."

Mama akasema, "Yeye kakuongoza?"

"Yeye."

Ukubwani nilikuja kusoma kwamba mwaka 2009 watafiti, akiwemo Giuseppe Iaria huko Kanada, waliandika kisa cha mwanamke aliyekua anapotea tangu utotoni hata kwenye njia za kila siku, wakati ubongo wake hauna jeraha wala akili yake haina kasoro. Mwaka 2014 Nobeli ya tiba ikaenda kwa John O'Keefe pamoja na May-Britt na Edvard Moser, waliogundua seli za ubongo zinazotuwezesha kujua tuko wapi. Nilisoma vyote usiku mmoja, na muda wote nilikua namuwaza yule fundi, ambaye alishaliona hilo kwa kuuliza maswali ya mtu mwenye subira, tena amefunga, na kazi za watu zinamsubiri.

Jioni ile sikupigwa. Mama alikua kimya kwenye daladala nzima. Shule zilipokaribia kufunguliwa akaja na nyundo na misumari, akaanza kupigilia ukutani kuanzia kitandani kwangu mpaka mlangoni, kwa mpangilio ninavyoamka, wa taulo, wa sare, wa sweta, wa mfuko wa madaftari, wa mwisho kabisa wa ufunguo. Akanipitisha mara kadhaa, ananiuliza vilevile alivyouliza mzee, na baada ya hiki? Baba aliporudi akasema ukuta mnauharibu. Mama hata hakugeuka, akamwambia ukuta utapigwa chokaa.