Watoto Wangu Hawajawahi Kutumwa

Bibi yangu magoti yalimshinda mapema. Nilipopata akili, alikuwa hashuki ngazi ila kwa harusi au maziko, na hata hivyo hakuna jambo la Kibokoni wala la Kuze, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, lililompita. Alikuwa na sisi wajukuu. Mahamri yakitoka tu kwenye karai, unaitwa: "Ndoo hapa. Enda kwa shangazi yako, mwambie bibi yuwakusalimu, auliza mtoto ameamkaje." Unafika, unatoa salamu, unabusu mkono, unayasema uliyoagizwa neno kwa neno, unapewa jibu na kipande cha kashata, unarudi mbio. Hujapumua, lishatoka jingine. Mkate wa mofa. Iliki ya shilingi kadhaa kwa Mshihiri mwenye duka, na umwambie bibi atalipa jioni. Uzi wa fundi cherehani. Kupeleka salamu za rambirambi kwa watu ambao hata jina lao hulijui, unaambiwa tu "nyumba ya mlango wa nakshi uliopasuka, upande wa kushoto".

Mji wa Kale niliujua hivyo. Ukitumwa samaki Bandari ya Kale, ilibidi ujue maji yamejaa au yamepwa, kwani bibi angekuuliza kabla hajakupa hela. Yeye alizijua siku za bamvua na za maji mafu kwa kuuangalia mwezi kutoka dirishani. Kaskazi ikivuma, alituambia habari za majahazi ya utotoni mwake, yaliyokuja kutoka Uarabuni na tende na mazulia, yakangoja kusi ili yarudi na boriti. Siku hizo, alisema, nyumba zote za karibu na bandari zilikuwa na wageni na watoto hawakulala kwa kutumwa.

Ramadhani ndiyo ilikuwa kilele. Baada ya Alasiri vichochoro vilijaa watoto wenye sahani zilizofunikwa kawa, kila mmoja anatoka kwao kwenda kwa wenzake. Sisi tulijulikana kwa kaimati, jirani wa mbele kwa mkate wa sinia, wa kona kwa viazi vya nazi. Sahani haikurudi tupu. Mwenye nacho alitia sambusa, na asiye nacho alitia ndimu mbili au konzi ya sukari, na bibi aliipokea ndimu ile kwa furaha ile ile aliyoipokea sambusa. Nilikuwa na umri wa kama miaka minane nikijua nani ana kisukari asipelekewe vitamu, nani amegombana na nani, nani mumewe yuko baharini na mfuko wake umekauka. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Nilipofika umri wa kuvaa buibui, kazi ikahamia kwa ndugu yangu mdogo, na nakumbuka nilivyomwonea wivu.

Sasa niko Toronto, Kanada, na mwanangu wa kwanza anakaribia miaka tisa. Anasoma vizuri, Kiswahili anakisema, anajua jina la kila sayari. Ramadhani iliyopita nilipika kaimati nyingi kuliko tuliyoweza kula, nikajaza sahani, nikamwambia ampelekee mama Mfilipino wa mlango wa tatu, ambaye hunisalimia kila tukikutana kwenye lifti. Akasimama na sahani mkononi akaniuliza, "Akifungua, niseme nini?"

Swali lile limenikaa kifuani hadi leo. Hakuwa na woga wala ukaidi. Kweli hakujua. Hajawahi kubebeshwa maneno ya mtu kumpelekea mtu mwingine. Shule anapelekwa na kurudishwa, madrasa anapelekwa na kurudishwa, dukani tunakwenda kwa gari, na wakati wa baridi kali hata dirisha halifunguliwi miezi mizima. Chakula cha kwetu hakikosekani: nazi iliyokunwa inauzwa imegandishwa, mihogo inaletwa kutoka Costa Rica ikiwa imepakwa nta. Ziwa Ontario liko karibu na wanalipenda, ingawa mimi hukaa ukingoni nikingoja maji yapwe, nayo hayapwi. Kutumwa ndiko hakupatikani.

Mama nilimweleza kwenye simu. Majira ya baridi tunapishana saa nane, kwa hiyo akimaliza Isha, huku kwangu mchana ndio unakaribia saa sita, na hapo ndipo tunapozungumza kwa utulivu. Nilidhani ataniambia nirudi nyumbani. Akasema, "Mwanangu, hata hapa hawatumwi." Bibi alipofariki, nyumba ikagawanywa kwa warithi. Chini sasa ni stoo ya mfanyabiashara, juu kuna wapangaji. Mama anaishi Bamburi kwenye nyumba yenye geti, na anaipenda. Ana upepo, ana nafasi, haupandi tena ule ngazi wa jiwe. Akitaka unga anapiga simu, kijana wa bodaboda anauleta, anamlipa kwa M-Pesa. Mjukuu wake aliye naye pale pale hajui njia ya kwenda kwa shangazi bila kupakiwa kwenye tuktuk.

Wenzangu wengi walioko nje huulilia mji wenyewe. Reli ya zamani, ile ya usiku kucha hadi Nairobi, iliacha kubeba abiria ilipoanza reli mpya ya SGR mwaka 2017, na stesheni sasa iko Miritini. Mwaka 2018 majumba ya katikati ya mji yakapakwa nyeupe na buluu. Mwaka 2019 ufukwe wa Mama Ngina ukatengenezwa upya, pale tulipokuwa tukila mihogo na achari jioni za Jumapili. Mimi hayo hayaniumizi sana. Mji uliojengewa Ngome ya Yesu na Wareno tangu 1593, kisha ukapiganiwa na kila aliyepita na merikebu, umezoea kugeuzwa sura. Linaloniumiza ni mtoto wa Mombasa kukua bila kujua nani yuko nyuma ya mlango wa jirani, awe Bamburi au Toronto.

Kwa hiyo siku hizi nampigia mama watoto wakiwapo, namwomba anitajie kile kichochoro nyumba kwa nyumba: nani alikaa, alipika nini, alioa wapi. Ndugu yangu mdogo akiwapo hudakia na kumsahihisha, wakabishana mpaka salio la mmoja linaisha. Watoto husikiliza. Mkubwa ameanza kuchora, na kwenye mchoro wake kila mlango una rangi yake.

Desemba tunakwenda, Mungu akipenda. Mama mdogo yungali Kibokoni, ndiye pekee aliyebaki. Nimemwomba asiwahurumie wanangu kwa kuwa ni wageni, awatume kama sisi tulivyotumwa. Amenijibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp: kuna mkufu wa kuchukuliwa kwa sonara, kuna mkate wa mofa wa kila asubuhi, kuna mgonjwa wa kujuliwa hali karibu na Msikiti wa Mandhry na yeye mama mdogo miguu haimfikishi huko tena. Waje, asema, na viatu vya kukimbilia.