Mungu wa Mtaro

Jumamosi ile nilitoka zamu ya usiku, mikono bado inanuka dawa, nikapitiliza hadi ukumbi wa hoteli moja ya London, karibu na British Museum, walikopanga meza zao wauza sarafu za kale. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuzibua mitaro ya maji taka. Nyumbani Tanga walijua tu kwamba niko "kwenye mabomba".

Sarafu za Warumi nilizianza kwa ubishi. Wenzangu walikimbilia sura za makaisari, mimi nikaitaka miungu isiyotajwa na mtu. Nilikuwa na Telesphorus wa Pergamo, mungu wa kupona, mfupi kama mtoto, kajifunika joho la kofia utadhani ana homa. Nilikuwa na Men wa Antiokia ya Pisidia, mungu wa mwezi ambaye ni mwanamume, hilali imechomoza nyuma ya mabega. Glykon, yule nyoka wa Abonoteichos mwenye uso kama wa mtu, bei yake ilinishinda na inanishinda mpaka leo.

Meza ya mwisho ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa anakula sandwichi. Kwenye trei yake nikaona dinari ya fedha iliyolika, haifiki gramu 4. Kikaratasi kilisema: Lucius Mussidius Longus, 42 KK. Basi. Huyo alikuwa msimamizi wa kufua sarafu, miaka miwili baada ya Caesar kuuawa. Usoni alikuwa Concordia, mungu wa maelewano, kajitanda mtandio. Nikaigeuza. Jukwaa la duara, juu yake wanawake wawili wamesimama kama wanangoja daladala, na ubavuni mwa jukwaa herufi zilizofutika nusu. Nikaomba lenzi. C, L, O, A...

Cloaca! Mtaro mkuu wa Roma, uliomwaga taka zake mto Tiber, uliitwa Cloaca Maxima. Nikacheka peke yangu hadi mzee akaweka sandwichi chini.

"Mungu wa mtaro," nikamwambia.

"Venus Cloacina," akanisahihisha, yaani Venus, mungu wa kike wa mapenzi. "Mtakasaji."

Alikuwa sahihi. Pliny, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba hapo ndipo Warumi na jirani zao Wasabini walipoweka silaha chini wakajitakasa kwa matawi ya mihadasi. Nadhani ndiyo sababu Mussidius alimweka mgongoni mwa Concordia, wakati Warumi wanachinjana wenyewe kwa wenyewe. Kitako cha jukwaa lile bado kipo Forum, uwanja mkuu wa kale wa Roma, duara la marumaru ambalo watalii hulipita bila kugeuka.

Mzee alitaka pauni 220. Nikamwonesha kucha zangu, nikamwambia huyu ni wa kwetu, wa kazini. Akashusha hadi 190.

Jioni nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umenunua nini tena?"

Nikamweleza, na kazi yangu nayo nikaitaja kwa jina lake kwa mara ya kwanza.

"Mungu wa choo? Astaghfirullahi! Usiniletee humu ndani."

Kimya kidogo. Kisha: "Na mtaro ukiziba, alikuwa anashuka mwenyewe?"

"Hapana mama. Walikuwa wanashushwa wafungwa."

Akanyamaza tena, kirefu safari hii, halafu akaniuliza kama nimekula.